Duvel: shetani mwenye sura ya malaika

Wadau, hii bia inadanganya macho. Rangi ya dhahabu, povu jeupe zito, utadhani lager ya kawaida. Kumbe kilevi asilimia 8.5! Kichupa cha mililita 330 kinaizidi kwa kilevi chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5.

Inatengenezwa na Moortgat, kule Breendonk, Ubelgiji. Nimeinywa taratibu: harufu ya pea na ganda la limao, pilipili manga kwa mbali, gesi inachoma ulimi, kisha uchungu mkavu kooni. Ukali wa kilevi huusikii kabisa. Sababu ni chachu, inayokula sukari karibu yote na kuendelea na kazi hata ndani ya chupa, hivyo bia inabaki nyepesi mdomoni. Tangu 1923 wanaiita Duvel, yaani shetani. Jina halali!

Sasa ule mtindo wetu wa kuhesabu chupa mezani, eti wa tano ndiye dume, kwa bia hii ni ujinga. Moja inatosha, tena isiwe ya baridi kali, baridi inaua harufu. Machicha ya chini? Mimi nayaacha kwenye chupa.