Ramani ya Miti Imo Katika Majina

Mwembe Tayari, Mombasa, ni mahali pa maduka, magari na pilikapilika za wasafiri. Kule Unguja, Michenzani inajulikana kwa majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mwembe na michenza imesalia katika majina. Hoja yangu ni kwamba majina haya ni ramani, na kuisoma ni wajibu wetu wanafunzi wa Kiswahili sawa na ulivyo wa wanajiografia.

Wanajiografia hutumia ramani kongwe na picha za setilaiti kutambua mashamba ya miti yaliyotoweka. Nyenzo hizo ni bora, lakini zina mipaka. Picha huonyesha kilele cha mwembe. Haitambui ngowe wala boribo. Huonyesha safu za minazi. Haisemi ni nani aliyeipanda, wala ni nani aliyekuwa na haki ya kuangua.

Suala la haki si dogo. Kwa desturi za Pwani, mtu aliweza kumiliki minazi iliyosimama katika ardhi ya mwenziwe. Kisha ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908, iliyotaka madai ya ardhi katika Pwani ya Kenya yasajiliwe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Aliyekosa hati alibakia na ushahidi wa miti na kauli za wazee. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Huenda mtu akasema kwamba majina hupotosha. Ni kweli, Mnazi Mmoja ni jina linalokiri lenyewe kwamba halikutokana na shamba zima. Ndiyo maana jina pekee halitoshi. Sharti liandamane na masimulizi ya mwenye shamba, ya mkwezi na ya aliyelima kwa ijara.

Napendekeza basi kila mwanafunzi anayekwenda nyanjani Pwani akusanye, pamoja na data ya tasnifu yake, majina ya mashamba, aina za miti na istilahi za upandaji na ugawaji wa mavuno, akionyesha mahali pa kila jina katika ramani. Shamba likigeuzwa mtaa, na mtaa ukapewa jina geni, mjukuu wa aliyepanda hatakuwa na hata neno la kushikizia dai lake.