"Kwangu inafanya kazi": maneno yaliyomponza jamaa wa projekti

Nimekuwa kimya kidogo, msuli ulinibana. Leo sina stori za kantini, nina hoja moja tu, na najua kuna watu watanuna.

Msimu huu wa projekti za mwaka wa mwisho kila korido ina wimbo mmoja: "Kwangu inafanya kazi." Mtu anakaa miezi mitatu anaandika programu ya C inayosoma picha za JPEG na kuzipunguza ukubwa. Kwenye laptopu yake yenye Ubuntu inateleza kama maji. Siku ya kupresenti anaibeba kwa flashi, anaichomeka kwenye mashine ya lebu yenye Debian, inagoma. Inalalamika kwamba haioni libjpeg.so.8. Dakika zinakatika, walimu wanaangalia saa, na mashine ya lebu huna ruhusa ya kuiwekea kitu. Ukitoka hapo unasema Linux mbovu. Jamani, Linux haina kosa hapo. Kosa ni kwamba tunafundishwa kuandika -ljpeg mwisho wa amri na kushukuru Mungu ikipita, basi.

Ngoja niseme hilo jina linatoka wapi, maana wengi wanalitumia bila kulijua. libjpeg ni kazi ya Independent JPEG Group, kundi la watu wa kujitolea lililotoa toleo la kwanza mwaka 1991. Toleo la 6b lilitoka 1998 na likakaa zaidi ya miaka kumi bila mrithi, dunia nzima ikalizoea. Kisha 2009 likaja la 7, mwaka 2010 la 8, mwaka 2013 la 9, na kila moja likabadilisha mpangilio wa vitu ndani yake. Pembeni, mwaka 2010, ikazaliwa libjpeg-turbo, yenye kasi zaidi kwa sababu inatumia maelekezo maalumu ya prosesa, na inaweza kujengwa ijifanye 6b, 7 au 8. Ndiyo karibu kila mtu anaitumia sasa.

Utamu uko hapa. Ubuntu waliijenga ijifanye toleo la 8, Debian wakabaki na sura ya 6b, yaani libjpeg.so.62. Kazi ni ileile, jina la faili tofauti. Na usije ukajifanya mjanja ukatengeneza kiungo cha kudanganya, so.8 ielekeze kwenye so.62. Nimeona watu wakipeana ushauri huo kama dawa ya mafua. Programu yako ndiyo inayotenga nafasi ya kumbukumbu kwa lile strakta kubwa la kubana au kufungua picha, na ukubwa wake unagandishwa siku unapokompaili. Maktaba ikiamka inauliza kwanza: wewe unanijua kama toleo gani? Ukijibu 80 na yenyewe ni 62, inakufungia mlango palepale. Na afadhali ifunge! Ingenyamaza, ingeandika mahali pasipo pake na picha ikatoka takataka.

Windows nako si peponi. Wale wa kuita jpeg_stdio_src na kupitisha FILE* kwenda kwenye DLL iliyojengwa kwa kompaila nyingine, programu inaanguka na hujui umekosea wapi, kwa sababu kila upande una maktaba yake ya C na haulielewi faili la mwenzake. Dawa ni rahisi: soma faili mwenyewe, weka baiti zote kwenye kumbukumbu, kisha mpe jpeg_mem_src. Hiyo inafanya kazi kokote. Kwenye Mac, Homebrew inaweka vitu /opt/homebrew kwa mashine mpya za Apple na /usr/local kwa zile za Intel, kwa hiyo ukiandika njia kwa mkono umeshamfungia nje nusu ya darasa.

Sasa msimamo wangu. Kwa projekti ya kupresenti, beba maktaba ndani ya programu yako: unganisha na libjpeg.a, faili linanenepa kidogo, maisha yanaendelea. Kaka mmoja wa mwaka wa juu, ninayemheshimu sana, ananipinga. Anasema ukibeba ndani, siku likipatikana tundu la usalama lazima ukompaili upya na kuwagawia watu wote, wakati ukitegemea ya mfumo, mfumo unaliziba wenyewe. Ana hoja, na kwa programu ya benki au ya hospitali namfuata bila ubishi. Lakini kwa kitu kitakachoishi dakika ishirini mbele ya walimu watatu, sikubali mtu apate sapu kwa ajili ya kanuni.

Na kama hutaki kubeba, kuna njia ya tatu ambayo sijui kwa nini haimo kwenye madesa: tumia uso mwingine wa libjpeg-turbo unaoitwa TurboJPEG. Huoni strakta lolote, unapewa kishikio tu na unapitisha baiti. Faili lake ni libturbojpeg.so.0, Ubuntu na Debian sawasawa. Kodi unayoandika nayo ni fupi pia. Mimi ningeanza nayo darasani, wale wa strakta wasubiri.

Ombi langu kwa walimu wetu, kwa heshima zote: tangazeni mapema mashine ya kupresentia ina mfumo gani na toleo gani. Karatasi moja ubaoni inatosha. Na wewe unayepresenti wiki hii, usiku huu piga ldd kwenye programu yako, soma kila mstari, halafu nenda kaazime laptopu ya mtu mwenye mfumo tofauti na wako. Chumba cha tatu kutoka kwangu kuna mwenye Debian, na ni mtu mpole ukienda na chipsi.