Maji kung'aa si kuwa salama: mwonyeshe mwanao kwa vitendo

Kuna swali ambalo watoto wa mjini hawachoki kuuliza na ambalo sisi wazazi aghalabu hulijibu kwa ukali: "Mama, mbona tuchemshe maji haya na ni masafi?" Mtoto ameinua glasi, ameitazama dirishani kwenye mwanga, hajaona mdudu wala taka. Mama naye ana haraka, chakula kimo motoni, kwa hivyo anamwambia afanye alivyoambiwa. Mtoto huyo akifika shuleni na kukuta mfereji, hunywa papo hapo. Nyumbani hakuonyeshwa chochote, aliamriwa tu.

Leo nataka tumjibu kwa vitendo. Hatuhitaji maabara. Tunahitaji ndoo moja ya maji, chupa tatu za plastiki zisizo na rangi, karai, chumvi, majani chai, pamba, mchanga, kokoto na makaa. Najua kuna mitaa ambako mfereji hutoa maji siku mbili kwa juma, na siku nyingine mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa mchuuzi wa mkokoteni. Kwa sababu hiyo nimechagua majaribio yasiyomwaga maji ovyo, na yatakayobaki yapigiwe deki au yatiwe chooni. Jambo moja tu kabla hatujaanza: mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika maji machache sana. Ndoo na karai visiachwe sakafuni bila mtu mzima karibu.

Nanyi wanafunzi, tafuteni daftari. Kabla ya kila jaribio andikeni mnachodhani kitatokea, kisha andikeni kilichotokea. Msifute dhana iliyokwenda kombo. Wanasayansi hufanya kazi hivyo hivyo.

Haya, tuanze na glasi mbili za maji ya kunywa yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa. Katika moja tia kijiko cha chai cha chumvi, koroga mpaka chumvi itoweke kabisa. Sasa mwite ndugu ambaye hakuwepo, umwambie aseme kwa macho tu ni glasi ipi yenye chumvi. Atazizungusha, atazinusa, mwishowe atabahatisha. Akionja ndipo atajua. Hatua ya pili, chuja yale maji ya chumvi kwa kitambaa safi au pamba, uonje tena. Chumvi bado imo. Hatua ya tatu ni ya mzazi kwa sababu ya moto: mimina vijiko vichache vya maji hayo katika sufuria, uyaache yachemke mpaka yakauke. Mtoto ataona ukoko mweupe umebaki chini.

Katika dakika kumi hivi mtoto amejifunza mambo matatu. Kitu kilichoyeyuka hakionekani. Kitambaa hakikizuii. Moto nao haukiondoi, bali hukiacha nyuma maji yakiwa yanapungua. Wazazi wanaoishi Nakuru, Naivasha na sehemu kadhaa za Nairobi zinazotumia maji ya visima virefu wana sababu ya kulitilia maanani jaribio hili. Baadhi ya visima hivyo vina madini ya floridi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka, nayo ndiyo huyageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kuchemsha hakuondoi floridi hata kidogo. Kama kisima cha ploti yenu hakijawahi kupimwa, mwulizeni mwenye nyumba cheti cha maabara.

Maji ya chumvi msiyamwage bado. Tumbukizeni yai bichi, litazama. Ongezeni chumvi kijiko kimoja kimoja huku mkikoroga polepole, mpaka yai lipande juu lenyewe. Msishangae mkihitaji vijiko sita au zaidi kwa glasi moja. Maji ya Bahari ya Hindi yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na hayo hayatoshi kuliinua yai la leo. Na mkikuta yai linaloelea katika maji yasiyo na chumvi, msilikaange kwa pupa. Ni yai la siku nyingi.

Sasa tuingie kwenye matope. Mzazi akate kitako cha chupa moja na kutoboa tundu ndogo kwenye kifuniko kwa msumari uliopashwa moto. Igeuze chupa, mdomo chini, uisimamishe juu ya glasi au mkebe. Shindilia pamba mdomoni, kisha makaa yaliyopondwa, kisha mchanga laini, mchanga wa chembe kubwa, na kokoto juu kabisa. Mchanga na makaa vioshwe kwanza, la sivyo maji ya kwanza yatatoka meusi na watoto watadhani wameharibu. Chota udongo, ukoroge katika maji hadi yafanane na Mto Athi wakati wa masika, halafu umimine kidogo kidogo.

Kinachotoka chini huwafurahisha hata watu wazima. Rudieni mara mbili au tatu na maji yatazidi kung'aa. Wenye shabu nyumbani, ile wanayotumia vinyozi, wanaweza kuchukua chupa nyingine ya maji ya tope, watie unga wake kidogo, wakoroge, waiache. Vumbi laini ambalo lingekaa likielea siku nzima litashikana madonge na kutua chini. Shabu na mchanga ndivyo vitumiwavyo katika mitambo mikubwa pia. Maji ya bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, husafishwa katika kituo cha Ng'ethu kabla ya kuja Nairobi, na kazi hufuata mpango huo: kutuliza tope, kuchuja, kisha kutia klorini.

Hiyo klorini ndiyo nataka mtoto aulize. Ikiwa maji yamekwisha kuchujwa yakang'aa, klorini ni ya nini? Mwambie asionje maji ya chujio lake hata yakipendeza namna gani, kisha umsimulie kisa hiki.

Mwaka 1854, katika mtaa wa Soho jijini London, kipindupindu kiliwaua watu zaidi ya 600 kwa majuma machache. Wataalamu wengi wa siku hizo waliamini ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya. Daktari mmoja, John Snow, alishuku pampu ya maji ya barabara iitwayo Broad Street. Aliyachukua maji yake akayatazama, na mara ya kwanza akaona uchafu mdogo mno hata akasita kutoa uamuzi. Maji yenyewe yalisifiwa kwa utamu. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na pale, alikuwa akiletewa maji ya pampu hiyo kila siku kwa kuwa aliyapenda kuliko ya kwao. Alikufa kwa kipindupindu, na huko alikohamia ugonjwa haukuwako. Snow alihesabu waliokufa nyumba kwa nyumba, akauliza kila mmoja alikuwa akinywa maji gani, na tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ukang'olewa. Baadaye iligunduliwa kwamba shimo la maji machafu la nyumba jirani lilikuwa likivuja kuelekea kisimani. Ilibidi kungojea hadi miaka ya 1883 na 1884 ndipo Robert Koch, kwa hadubini, akathibitisha kiini cha maradhi hayo.

Si habari za Ulaya ya kale tu. Mlipuko wa kipindupindu uliozuka nchini Kenya Oktoba 2022 uliendelea hadi mwaka uliofuata, ukafika kaunti nyingi, Nairobi ikiwemo.

Lakini mtoto mwerevu atakubana: kama Ng'ethu hutia klorini, uchafu unaingilia wapi? Jaribio linalojibu swali hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote ya leo, na sijaliona katika vitabu vingi vya shule. Pika chai ya rangi iliyokolea, bila sukari, iache ipoe, uimimine katika karai ifike kina cha vidole vitatu. Chukua chupa nzima, itobolewe tundu mbili ndogo karibu na kitako, kisha uisimamishe ndani ya karai. Mtoto mmoja aishike, mwingine aijaze maji meupe kwa jagi na aendelee kuongeza. Chupa ni bomba la maji lililopasuka chini ya barabara, chai ni maji machafu yaliyolizunguka ardhini, na mwenye jagi ndiye kampuni ya maji.

Tazameni tundu. Maadamu chupa imejaa, maji meupe yanatoka kwa nguvu na chai haiingii. Bomba linapoteza maji, naam, lakini lililo ndani bado ni safi. Sasa mwenye jagi aache kumimina, kama inavyokuwa siku ya mgao. Maji yatashuka mpaka yalingane na chai, kisha yatulie. Fungeni kifuniko, mwenye kushika chupa aibonyeze kidogo, halafu aiachilie. Chai itaingia ndani kwa mkondo mwembamba wa kahawia ambao kila mtoto chumbani atauona. Kule kubonyeza na kuachilia ni mfano wa pampu ambazo baadhi ya majirani huunganisha moja kwa moja na bomba ili wavute maji yaliyokauka. Huvuta maji, na penye ufa huvuta pia kilicho nje ya ufa.

Mwisho, ongezeni maji meupe mengi humo chupani mpaka rangi ya chai ififie isionekane. Muulize mtoto: chai imekwenda wapi? Akikumbuka glasi ya chumvi, atakujibu mwenyewe.

Kwa hivyo maji yakirudi baada ya siku za ukame, ya kwanza yaende kwenye deki na choo, na ya kunywa yachemshwe. Yakianza kutokota kwa povu kubwa yaacheni dakika moja. Wanaoishi palipoinuka kupita mita 2,000, kama Limuru na Nyahururu, wape dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kabla hayajafika nyuzi 100. Hata Nairobi hutokota kwenye nyuzi 94 hivi, na ndiyo sababu maharagwe huku huchelewa kuiva kuliko Mombasa. Kwa viini vya maradhi, joto hilo linatosha kabisa.

Na gesi ikiisha mwisho wa mwezi? Hapo jua lina kazi yake. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi wala mikwaruzo, isiyozidi lita mbili, uondoe karatasi yake na uioshe vizuri. Ijaze maji. Sasa simamisha chupa hiyo juu ya vichwa vikubwa vya habari katika gazeti hili, ufungue kifuniko na uchungulie kutoka juu hadi chini. Ukiweza kusoma herufi, maji yanafaa. Usipoweza, yachuje kwanza, maana tope huwakinga viini dhidi ya jua. Yakishafaa, funga chupa, uilaze juani saa sita mfululizo, na ikiwa juu ya bati ni vizuri zaidi. Siku za mawingu, mathalani Julai ya Nairobi, ilaze siku mbili. Siku ya mvua nzima usiitegemee njia hii.

Wanaodhani ni mchezo wajue kwamba ilijaribiwa hapa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, watoto wa Kimaasai wa kati ya miaka 5 na 16 walipewa chupa za plastiki za maji. Baadhi walianika chupa zao juani juu ya paa, wengine waliziacha ndani ya nyumba. Walioanika waliugua kuhara kwa kiasi pungufu. Lakini jua, kama moto, huua viini tu. Haliondoi floridi wala kemikali.

Maji ya jua yanywewe kutoka chupa ile ile. Ukiyahamishia kwenye jagi ambalo mikono mitano imeshaligusa, kazi ya saa sita imepotea.

Jumapili ijayo tutazungumzia ngozi ya maji. Kabla ya hapo, watoto, chukueni bilauri iliyojaa na sindano kavu ya kushonea. Wekeni kipande kidogo cha karatasi ya shashi juu ya maji, lazeni sindano juu yake, mngojee karatasi izame. Sindano ikibaki ikielea, gusisheni maji kwa ncha ya kijiti kilichopakwa sabuni, muandike katika daftari mlichoona.