Tuwasikilize Waamiaji wa Idsowe

Mpunga unapoanza kutia maziwa katika mashamba yaliyo kando ya mto Tana, watoto hupanda dunguni kuamia. Nilimkuta mmoja wao Idsowe, karibu na Garsen, Jumanne moja asubuhi, kombeo mkononi na macho yake juu ya mashuke. Nilikuwa nimefuatana na wageni waliokuja kutazama ndege. Nikamwuliza kwa nini hakumfukuza korongo mweusi aliyetua pembeni mwa shamba. Akanijibu kwa adabu, ingawa kicheko kilimtoka: "Huyo mdomo wake haufumbi katikati, mwalimu. Anakula konokono. Mpunga haujui." Wageni wetu, waliokuwa na darubini za bei ghali, walikuwa bado wanapekua kitabu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani hasa anayewajua ndege wa nchi hii, na ni nani anayeandikwa kuwa anawajua.

Msomaji atauliza kama hili ni jambo la kujadiliwa gazetini. Ndilo. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira iliidhinisha mradi wa kupanda miwa katika hekta zipatazo 20,000 za bonde hili la chini la Tana. Wenyeji, wakulima kwa wafugaji, walikwenda mahakamani. Mwezi wa Februari 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru mipango ya ardhi ya delta iandaliwe kwa kuwashirikisha wenyeji wenyewe. Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 2012, delta ilikuwa imeandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, hekta 163,600 kwa jumla. Mkataba huo una vigezo vyake, na kimojawapo ni hesabu tupu: ardhioevu ambayo kwa kawaida hukaliwa na ndege wa majini 20,000 au zaidi huhesabiwa kuwa na umuhimu wa kimataifa. Maana yake ni kwamba mtu aliyesimama matopeni akahesabu yangeyange na mnandi, kisha akaandika tarehe, ametoa ushahidi. Asiyeandika hana ushahidi, hata awe na maarifa ya vizazi saba.

Idsowe haikosi cha kuandika. Kusini mwa daraja la Garsen kuna mahali ambapo ndege wa majini wa aina zaidi ya kumi wamejulikana kujenga viota pamoja, mafuriko yanapokuwa mazuri. Wamo yangeyange, domomwiko, kwarara na hao korongo wala konokono. Katika matete ya delta hii pia huja kila mwaka ndege mdogo wa rangi ya udongo anayeitwa kwa jina la mji wa Basra, kwa kuwa huzaliana zaidi katika mabwawa ya Iraki. Mabwawa hayo yalikaushwa na serikali ya Saddam Hussein katika miaka ya 1990, na maji yakaanza kurudishwa baada ya 2003. Kiumbe huyo anategemea maji ya nchi mbili zisizoonana. Sisi tukiyakausha ya kwetu, atakuwa amenusurika kule bure. Tena kuna ndege mwingine aliyepewa jina la mto wetu, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1967, na ambaye hajapatikana tena kwa hakika tangu 1972. Wapo wataalamu wanaoshuku kama ni aina ya pekee. Huenda amepita mara nyingi juu ya vichwa vya watoto wa dunguni, wala hakuna aliyewauliza.

Nairobi wanalielewa jambo hili. Matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, ambayo Bi Fleur Ng'weno aliyaongoza tangu 1971, yamewafundisha wengi kutazama pamoja na kusahihishana. Tangu 2013 upo pia mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ulioigawa nchi katika miraba ya kilomita 9 hivi kila upande. Mtu hutembea katika mraba wake kwa saa mbili au zaidi, akaandika kila aina aliyoiona au kuisikia. Ni mpango mzuri, nami nausifu. Lakini majina yake ni ya Kiingereza na Kilatini. Mtoto anayemjua ndege kwa Kipokomo au kwa Kiorma huonekana kama hajui kitu.

Hapa ndipo walimu wanapohitajika. Mtaala wa umilisi unadai wanafunzi wajifunze kutokana na mazingira yao. Basi daftari moja la shule, matembezi ya Jumamosi, na kalamu. Iandikwe tarehe, mahali, idadi, na jina katika lugha ya aliyemwona. Jina la kitabuni litafuata. Aliyeona kwa mbali akiri kuwa aliona kwa mbali, kwani orodha yenye uongo mmoja huharibu mia za kweli. Mahali penyewe pa viota pasitangazwe ovyo, maana njaa na mayai ni majirani. Na Wapokomo na Waorma watembee pamoja, hasa baada ya damu iliyomwagika baina yao mwaka 2012. Kuhesabu ndege hakupatanishi watu, sijidanganyi, ila asubuhi mbili tatu za kubishana juu ya mwewe ni bora kuliko kutojuana kabisa.

Nilipokuwa nikirudi nilipitia shuleni kwa mtoto yule. Daftari la mahudhurio lilikuwa wazi juu ya meza. Mbele ya jina lake, siku ile ya Jumanne, palikuwa pametiwa alama nyekundu: hayupo.