Mfumo wa kahawa usifute kilo za mkulima

Mkulima wa Karagwe au Kyerwa akishapeleka kahawa ya maganda kwenye chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS), mali yake hugeuka tarakimu hadi siku ya malipo. Tarakimu hiyo huguswa na wengi, kuanzia karani wa mizani na mhasibu hadi chama kikuu, KDCU. Kwa hiyo ushirika unapohamia kwenye kompyuta, jambo la kwanza la kumuuliza mtengeneza programu ni namna tarakimu hiyo inavyobadilishwa. Programu nyingi hutunza salio moja na kuandika jipya juu ya la zamani. Tuseme mkulima ana kilo 400. Karani mmoja anasoma 400 na kuongeza 60. Kabla hajahifadhi, mwenzake kwenye simu nyingine naye anasoma 400 na kuongeza 85. Wa kwanza anahifadhi 460, wa pili 485. Zilipaswa kuwa 545. Kilo 60 zimeyeyuka bila mwizi, wala hakuna alama ya kuonyesha zilikopotelea. Mkulima atamshuku karani, na karani hana cha kujitetea nacho.

Mtindo wa programu za fanksheni unaziba pengo hili tangu chini. Kilichokwisha kuandikwa hakiguswi tena: kila upimaji ni ingizo lake, na salio hupatikana kwa kujumlisha maingizo yote. Pale ambapo lazima kuwe na zamu, kwa mfano kukata mkopo wa pembejeo, maombi yote hupitia mlango mmoja, moja baada ya jingine. Lugha ya Erlang, iliyobuniwa Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, imejengwa juu ya utaratibu huo.

Wapo watakaosema maingizo yatajaza kompyuta. Mistari ya maandishi ya msimu mzima haifikii uzito wa video chache za simu. Hoja nzito zaidi ni ya makosa: karani akiandika 600 badala ya 60, je, yabaki? Yabaki, na chini yake liandikwe ingizo la kupunguza 540, likiwa na jina la aliyerekebisha. Wahasibu hufanya hivyo tangu enzi za daftari. Na kwa kuwa Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zake, jina na namba ya simu vitunzwe kando, vinakoweza kusahihishwa au kuondolewa pasipo kugusa hesabu ya kilo.