Viatu vya hospitalini: ni sare au ni kinga?

Watu wa Chale, pale pwani ya kusini baina ya Diani na Gazi, hawahitaji kufundishwa faida ya kiatu. Maji yakipwa wakati wa bamvua, msaka pweza hushuka mwambani amevaa raba zake kuukuu, kwa kuwa ajua vilivyomo humo: matumbawe yakatayo kama wembe, na viumbe wenye miiba isiyoonekana. Hapana amwulizaye kama raba zile zapendeza. Swali ni moja tu, nalo ni kama zitamrudisha nyumbani na nyayo zake zikiwa nzima.

Mtu huyo huyo akiugua, aghalabu atapelekwa Msambweni, iliko hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Kwale. Huko, kama ilivyo katika hospitali yoyote nchini, atahudumiwa na watu ambao nao hufanya kazi juu ya sakafu yenye hatari zake. Sikusudii kuilaumu hospitali hiyo wala nyingine kwa jina. Nazungumzia mazoea yaliyoenea kote: tumekitazama kiatu cha mhudumu wa afya kwa jicho la unadhifu, ilhali mvuvi wa Chale alikwisha kukitazama chake kwa jicho la usalama. Na kwa maoni yangu, kosa hilo limejificha katika maneno.

Katika lugha ya kazi tunayo maneno mawili, sare na kinga. Sare ni vazi la kuwafananisha watu; ndiyo maana timu mbili zikifungana mabao sawa husemwa zimetoka sare. Kinga ni kitu cha kuzuia dhara. Vazi moja laweza kuwa yote mawili, lakini mengi hutegemea limeandikwa katika fungu gani. Kilichoandikwa kuwa sare huulizwa rangi yake, na kikikosekana hukemewa mvaaji. Kilichoandikwa kuwa kinga huulizwa uwezo wake, na kikikosekana huulizwa mwajiri. Glavu na barakoa zimekwisha kuingia katika fungu la kinga. Kiatu, maskini, kingali katika fungu la sare, ambalo muuguzi hulipiwa posho kisha akajinunulie mwenyewe apendacho au awezacho. Posho hiyo ya sare ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa katika mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takribani miezi 5.

Walimu wenzangu, tukubali kwamba mazoea haya huanzia mikononi mwetu. Kila asubuhi gwaridani twakagua viatu vya wanafunzi: je, ni vyeusi, je, vimepigwa rangi? Ni nadra kugeuza kiatu tukatazama soli yake. Hapana ubaya kumfunza mtoto unadhifu. Lakini mtoto huyo akikua, akaingia chuo cha mafunzo ya tiba, tuseme kile cha Msambweni, huenda wadini na mizani ile ile tuliyompa. Hununua kiatu kinachong'aa, chenye soli laini kama sahani, akasifiwa kwa usafi siku anayoteleza.

Yafaa basi tuzitaje hatari zenyewe. Ya kwanza ni maji. Sakafu ya hospitali hupigwa deki mara nyingi kwa siku, na msimu wa mvua kila aingiaye huleta tope lake. Muuguzi aliyebeba mgonjwa au trei ya dawa hana mkono wa kujishikia. Ya pili ni vyenye ncha. Sindano au kisu kikianguka, huelekea chini, na chini ndiko uliko mguu. Viatu vyepesi vya plastiki vyenye matundu juu, ambavyo wengi huvipenda kwa wepesi wake, humwachia sindano mlango wazi. Ya tatu ni damu na majimaji ya mwili, hasa katika chumba cha kuzalishia. Kirusi cha homa ya ini aina ya B chaweza kudumu siku 7 nje ya mwili, katika damu iliyokauka, na bado kikaambukiza. Mwenye kurudi nyumbani na kiatu cha wadini aweza kurudi na abiria asiyemwalika.

Ni nani aliye karibu zaidi na hatari hizi? Daktari huvuka sakafu. Msafishaji huishi juu yake. Yeye ndiye azoaye damu iliyomwagika na kufunga mifuko ya taka ambamo mtu mwingine ametupa sindano isipostahili. Hata hivyo, katika hospitali moja ambayo sitaitaja nimemwona msafishaji akipiga deki kwa kandambili, maji ya dawa yakimwosha vidole. Kandambili nazipenda kama mtu yeyote wa pwani. Kule Lamu waliziokota kuukuu pamoja na taka nyingine za plastiki, wakaunda jahazi la Flipflopi, lililosafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Ikiwa zafaa kuvuka bahari, hazifai kuvuka wadi. Kiatu kinachoacha vidole wazi na kisigino huru hakizuii maji, hakizuii sindano, na ndicho cha kwanza kuteleza.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 101, yamtaka mwajiri atoe na kutunza mavazi ya kinga yanayofaa kwa mfanyakazi anayekutana na majimaji au vitu vyenye madhara, na viatu vimetajwa humo pamoja na glavu na miwani. Kwa hiyo bunge lilikwisha kukiandika kiatu katika fungu la kinga. Ni sisi tuliokirudisha katika fungu la sare.

Majirani zetu walilijua hili kwa machungu. Ebola ilipozuka Gulu, Uganda, mwaka 2000, wahudumu kadhaa wa Hospitali ya Lacor walifariki, pamoja na mkuu wao, Dk. Matthew Lukwiya, aliyeaga dunia tarehe 5 Desemba mwaka huo. Tangu maafa hayo na yale ya Afrika Magharibi ya 2014, buti zisizopenya maji huhesabiwa pamoja na glavu, barakoa na joho. Kinga ni mfano wa ua wa makuti: pengo moja latosha kumwingiza mwizi. Je, ni lazima tungoje ugonjwa wenye jina la kutisha ndipo tukumbuke miguu?

Wako watakaosema kwamba gambuti katika joto la Kwale ni adhabu. Ni kweli, na sisemi kila mtu avae gambuti. Zivaliwe panapomwagika maji na damu: chumba cha kuzalishia, kwa dobi, chumba cha maiti, na kwa msafishaji popote alipo, tena ziwe za kimo chake, maana mwanamke aliyepewa buti za mwanamume hujikwaa. Wadini chatosha kiatu chepesi kilichofunika vidole na kisigino, kisichopenya maji, chenye soli ya kushika sakafu na kisigino kifupi, kinachofutika kwa dawa na kubaki kazini zamu inapokwisha. Wengine watasema ni gharama. Kaunti ndizo zenye kusimamia hospitali hizi tangu 2013, na gambuti zatengenezwa papa hapa nchini, kiwandani Limuru. Mfupa wa nyonga uliovunjika una gharama yake pia, na hulipwa kwa miezi.

Lililo mikononi mwetu, sisi wa madarasani, ni dogo lakini si haba. Vyuo viandike katika orodha ya mahitaji sifa za soli na ngozi ya kiatu kabla ya rangi yake. Mwanafunzi apelekwaye mazoezini asiruhusiwe kuingia wadini na viatu vya wazi, wala asiaibishwe kwa kuwa hana uwezo, chuo kimtafutie. Na mkaguzi apitapo hospitalini, aanze kukagua kwa msafishaji, kisha apande hadi kwa daktari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko sakafuni, nasi tumezoea kutazama juu.