Kukumbuka si Kazi ya Kasuku

Neno baya linatembea Butembo, na Beni vilevile: “Mtoto asichoshe kichwa kwa kushika katekisimu. Simu itamkumbusha.” Nao wanaolisema ni watu waliosoma! Sisi tunalikataa.

Mtazameni seremala. Mteja anaagiza kabati. Fundi hajashika msumeno bado, lakini kabati limekwisha kusimama mbele ya macho ya moyo wake. Anauona hata ubao utakaopinda. Ameipata wapi picha hiyo? Katika makabati yote aliyoyatengeneza zamani, akayaweka kichwani. Mpeni simu mtu asiyejua kazi, tuone kabati lake.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1973, kule Marekani, mabwana Chase na Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao wenye mchezo kwa sekunde 5, kisha wakaufunika. Bingwa aliweza kurudisha vipande vingi mahali pake, mwanafunzi vichache tu. Lakini vipande vilipotawanywa ovyo, bingwa naye alishindwa, karibu sawa na mwanafunzi. Basi hakuwa na kichwa cha ajabu. Alikumbuka kwa sababu alielewa, na alielewa upesi kwa sababu alikuwa amehifadhi mengi.

Wazee wa Baluba, hapa hapa Kongo, walikuwa na lukasa, kibao chenye shanga: mjuzi alikigusa kwa kidole huku akisimulia habari za wafalme. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alihesabu kumbukumbu kuwa sehemu ya busara. Alishauri tujifanyie picha ya jambo, tulipange vizuri, tulipende, tulirudierudie.

Kweli, mwalimu anayedai maneno matupu bila kuwaonyesha watoto chochote anafuga kasuku, huyo simtetei. Rozari yenyewe yatufundisha njia nyingine: mdomo unasali, na macho ya moyo yanaitazama Betlehemu.

Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewakimbiza watu wengi katika vijiji vya Beni. Mtu anayekimbia usiku huacha kitabu, na simu huzimika. Mtoto mchanga akikaribia kufa porini, wala padri hayupo, Mkristu yeyote aweza kumbatiza, ikiwa ana maji na anayajua maneno. Ninyi mnaomcheka katekista, maneno hayo mnayajua?